Kata titonia kabla haijatoa ua

Mvua zinapokaribia kwisha, vilima vinavyozunguka Bukavu, huku kwetu mashariki mwa Kongo, vinageuka njano. Kando ya njia ya Kavumu, kwenye mipaka ya mashamba ya Kabare, juu ya makorongo ya Kadutu, kila mahali ni maua ya titonia. Watu wanasimama, wanapiga picha, na kwa kweli ni mazuri. Mimi nikiuona ule unjano moyo unaniuma kidogo, kwa sababu najua majani ya pale yamekwisha kuchelewa. Wiki tatu au nne kabla ya hapo yalikuwa mbolea bora kuliko nyingi tunazonunua kwa gunia, na hakuna aliyeyakata.

Naandika haya kwa mama na baba yeyote anayelima mboga kwenye kipande kidogo bila ng'ombe na bila pesa ya duka. Mimi mwenyewe naishi Bagira, shamba langu liko upande wa Kabare, mwendo wa karibu saa moja kwa mguu. Lina matuta 14 kwenye mteremko. Nalima lengalenga (mchicha), shu (kabichi), vitunguu vya majani na biringanya kidogo, na asubuhi napeleka Kadutu sokoni. Zamani mama mkwe wangu alikuwa na ng'ombe wanne, samadi ilikuwa inatupwa. Ng'ombe waliondoka wakati wa vita na hawakurudi. Shamba likachoka. Lengalenga ikawa inatoa majani madogo, mekundu pembeni, na wateja wangu wakaanza kupita mbele yangu bila kusimama. Mmea huu wa kando ya njia ndio uliolirudishia shamba nguvu, na nataka kueleza namna ninavyofanya, hatua kwa hatua, pamoja na makosa niliyoyalipia.

Kwanza, uufahamu mmea

Jina lake la kitabuni ni Tithonia diversifolia. Kwetu wengi wanasema titonia tu, wengine alizeti pori. Ni wa ukoo mmoja na alizeti ya shambani. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Uliletwa Afrika kwa uzuri wa maua yake, ukatoka kwenye nyua za watu ukajipandia wenyewe. Alizeti ya shambani inakufa baada ya msimu mmoja. Titonia ukiikata inachipua, ukiikata tena inachipua tena, mwaka hadi mwaka, na ikiachwa inapita mita 2 na 3 kwa urefu.

Tazama jani: ni pana, limegawanyika vidole vitatu hadi vitano, lakini kwenye shina hilohilo utakuta pia majani yasiyo na vidole. Neno diversifolia lina maana hiyo, majani ya maumbo mbalimbali. Upande wa chini jani lina vinyweleo laini. Lisugue: harufu yake ni ya uchungu, na uchungu huo unabaki mikononi. Kama una mtoto wa kunyonya, nawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko kabla ya kumshika. Mtoto wangu wa tatu alilikataa titi siku nzima kabla sijaelewa sababu.

Ua lenyewe ni la kushangaza ukikaa nalo. Lile unaloliita ua moja ni maua mengi yaliyokusanyika. Kila jani dogo la njano la pembeni ni ua kamili peke yake, na hilo halizai. Kazi yake ni kuita nyuki. Duara la katikati ni maua madogo mengi yaliyobanana, na huko ndiko mbegu zinakotoka. Chini kidogo ya ua, kikonyo kinanenepa, na ukikikata utakuta ndani ni wazi kama bomba. Kwa alama hizo hutaikosea.

Sababu ya kuyataka majani haya

Nilipoanza nilikuwa nafuata tu macho: mahali titonia ilipoanguka na kuoza, majani mengine yalistawi. Baadaye agronomu mmoja, mtaalamu wa kilimo, aliyepita kwenye kikundi chetu cha kina mama alitupatia hesabu, na nimeishika kichwani mpaka leo. Chukua kilo 100 za majani ya titonia yaliyokauka. Ndani yake kuna karibu kilo 3.5 za naitrojeni, ile inayotoa majani ya kijani. Karibu kilo 4 za potasiamu. Na fosforasi karibu theluthi moja ya kilo. Hiyo fosforasi inaonekana ndogo, lakini kwa majani ya porini ni nyingi, na ndiyo inayotukosesha usingizi huku kwetu. Udongo mwekundu wa upande wa Walungu na Nyangezi una uchachu. Unaishika fosforasi na kukataa kuiachia mizizi. Titonia inakwenda kuitafuta, inaiweka kwenye majani, na majani yakioza inarudi ardhini katika hali ambayo mmea mwingine unaweza kuila.

Jambo la pili ni haraka. Majani mabichi yakifukiwa kwenye udongo wenye unyevu, nusu ya naitrojeni yake inatoka kwa muda wa wiki moja hivi. Kwa lengalenga, ambayo unaanza kuivuna mwezi mmoja baada ya kupanda, haraka hiyo ndiyo kila kitu. Samadi inayooza taratibu ingefika mboga zikiwa zimekwisha kuuzwa.

Jambo la tatu usilidanganye nalo mtu: titonia si kama maharagi. Maharagi yanavuta naitrojeni hewani kwa msaada wa vijidudu vya mizizini. Titonia haifanyi hivyo. Inaokota chakula kilicho ardhini pale ilipo. Kwa hiyo ukikata kila mara kwenye ukingo mmoja na kupeleka shambani, unahamisha utajiri kutoka pale kwenda hapa. Ukingo nao unachoka. Mimi nina kingo nne za kuzungukia, na mashina magumu nayaacha palepale yaoze kwenye mizizi yao.

Wakati wa kukata

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, na mimi niliharibu. Mwaka wa kwanza nilingoja mpaka titonia iwe kubwa, nikidhani kubwa ndiyo yenye nguvu. Ilikuwa na maua. Nikakata kila kitu kwa panga, mashina na yote, nikafukia, nikapanda maharagi siku mbili baadaye. Maharagi yalitoka njano kama yana ugonjwa. Mashina magumu yanapooza, vile vijidudu vinavyoyala vinahitaji naitrojeni, navyo vinaichukua kwenye udongo kabla mizizi haijaipata. Halafu baada ya majuma machache, kwenye matuta mawili, vile vipande vya shina nilivyovifukia vilianza kuchipua. Nilikuwa nimepanda titonia katikati ya maharagi yangu. Kuing'oa kulinichukua msimu mzima.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii. Unakata pale mmea unapofika kifuani au kichwani, una majani mazito, na vichwa vya maua havijafunguka. Unachukua majani na vile vitawi vya kijani vinavyovunjika kwa vidole. Kisichovunjika kwa vidole kinabaki. Wakati wa mvua, ukingo uliokatwa unakuwa tayari tena baada ya miezi miwili hadi mitatu.

Kata kwa urefu wa goti, sentimita 40 au 50 kutoka chini. Ukikata chini kabisa unauchelewesha. Panga liwe kali, ukate kwa mshazari ili maji ya mvua yasikae juu ya kisiki. Na kama ukingo si wako, omba. Titonia ya kando ya shamba la mtu ni ukuta wake, na pengine ndiyo inayoshika udongo wake usiteremke. Mimi mzee mwenye ukingo wa juu namwambia: "Baba, naomba nikukatie ukingo, nitaacha mashina." Hajawahi kunikatalia, kwa sababu kazi hiyo angelipa mtu aifanye.

Kiasi gani, na kwa mmea gani

Kipimo kilichojaribiwa sana huko magharibi mwa Kenya ni tani 5 za majani makavu kwa hekta. Igeuze iwe ya kwetu: ni nusu kilo kavu kwa kila mita moja ya mraba. Majani mabichi ni maji kwa sehemu kubwa, kwa hiyo unahitaji kilo 2.5 hadi 3 za mabichi. Tuta langu lina upana wa mita 1 na urefu wa mita 10. Linakula kilo 25 hadi 30, yaani mzigo mmoja wa mgongoni, ule wa kamba ya kichwani, mzito lakini unaobebeka.

Sasa fikiri hekta nzima ya muhindi (mahindi): zaidi ya tani 25 za majani mabichi, kukatwa, kubebwa kwenye mteremko na kukatakatwa. Hakuna mgongo wa mama unaoweza hiyo, na bei ya muhindi haiwezi kuulipa huo mgongo. Ndiyo maana nasema bila kusita: titonia ipeleke kwenye mboga. Lengalenga, shu, nyanya, biringanya, vitunguu, mahali padogo panapolipa haraka. Kama una muhindi, weka kiganja kwenye kila shimo na usitake zaidi. Na kama unaweza kununua kilo chache za mbolea ya dukani yenye fosforasi, changanya na titonia. Viwili hivyo pamoja vinafanya kazi kuliko kila kimoja peke yake, hasa kwenye ule udongo mwekundu.

Kufukia

Nabeba majani asubuhi, nayakatakata siku hiyohiyo. Yakilala kwenye jua yananyauka na sehemu ya nguvu yake inapotea. Juu ya gogo, kwa panga, vipande vya vidole viwili. Wanangu wanasaidia, na ndiyo sehemu ya kazi wanayoipenda.

Kwenye tuta nachimba mfereji wa kina cha kiganja kilichonyooka, sentimita 15 hivi, kutoka mwanzo hadi mwisho. Namwaga majani, nayasambaza sawa, narudishia udongo na kukanyaga kidogo ili majani yagusane na udongo. Kama mvua haijanyesha, namwagia maji. Majani yaliyowekwa juu ya udongo bila kufunikwa yanasaidia pia, yanazuia jua na matone makali, lakini sehemu ya naitrojeni inapotea hewani. Mimi nafukia.

Halafu unangoja. Wiki moja kwa miche ya kupandikiza kama shu, siku 10 hadi wiki mbili kama unamwaga mbegu ndogo kama za lengalenga. Majani mabichi yanapoanza kuoza yanatoa joto na vitu vikali vinavyozuia mbegu kuota. Kabla ya kupanda, fukua mahali pamoja na unuse. Kama pananuka udongo, panda. Kama bado pananuka kama majani yaliyochacha, pape siku tatu tena.

Maji ya titonia

Kwa mimea iliyokwisha kusimama natengeneza maji. Nina pipa la plastiki lisilo na mfuniko wake, ninalofunika kwa gunia na ubao. Majani yaliyokatakatwa najaza theluthi moja, nashindilia kidogo, namimina maji mpaka kukaribia juu. Kila baada ya siku mbili au tatu nakoroga kwa mti mrefu. Yanatoa povu, yananuka vibaya sana, kwa hiyo weka pipa mbali na dirisha la jirani na mbali na mahali watoto wanapocheza. Funika vizuri, mtoto asiweze kuchungulia ndani. Povu likikoma, baada ya siku 10 hadi 14, yako tayari. Chuja kwa kitambaa cha zamani.

Usiyamwage hivyo yalivyo. Mara ya kwanza nilimwaga kwenye kitalu cha lengalenga cha wiki mbili bila kuchanganya, na kesho yake asubuhi nusu ya kitalu ilikuwa imelala, ncha zimeungua. Sasa nachukua bidoni ya lita 20: lita 6 za maji ya titonia na 14 za maji safi, rangi iwe kama chai isiyokolea. Kwa miche midogo naongeza maji zaidi. Namwaga chini, kwenye shina, jioni jua likishuka, mara moja kwa wiki. Simwagi juu ya majani yatakayoliwa. Mboga ninayotaka kuvuna naiacha wiki moja bila maji hayo, na nyumbani tunaiosha kama kawaida.

Makapi yaliyobaki kwenye kitambaa yanakwenda kwenye rundo la mbolea. Hilo rundo nalipanga hivi: vijiti chini ili hewa ipite, mabua makavu ya muhindi na majani makavu ya migomba, tabaka la titonia, udongo kidogo au samadi kidogo kama ipo, maji, halafu tena. Titonia ndiyo inayowasha rundo. Nachomeka mti mrefu katikati. Siku ya tano nauchomoa na kuushika. Ukiwa wa moto, rundo linafanya kazi. Ukiwa baridi na mkavu, ongeza maji. Ukiwa baridi na unateleza, umezidisha maji, ongeza mabua. Nageuza rundo baada ya wiki tatu, na tena baada ya wiki tatu nyingine. Miezi mitatu, na ni udongo mweusi.

Kupanda ukingo wako mwenyewe

Usitegemee milele titonia ya njia. Njia zinapanuliwa, watu wanajenga, na wanaokata wanaongezeka kila mwaka.

Chukua mashina yaliyokomaa kiasi, ya unene wa kidole gumba, yale ya kahawia yasiyo ya kijani kibichi. Kata vipande vya sentimita 30, kila kimoja kiwe na macho matatu au manne. Mvua za mwezi wa tisa zikishika vizuri, vichomeke kwa kulala kidogo, theluthi mbili ardhini, macho yakitazama juu, umbali wa sentimita 30 hadi 50. Vingi vitashika. Mbegu nazo zinaota, lakini si zote, na miche yake ni midogo, inasongwa na majani mengine.

Kama shamba liko kwenye mteremko, na kwetu Bukavu lipo wapi lisilo kwenye mteremko, usipande ukingo kwa kuteremka. Panda kwa kuvuka kilima, kwenye mstari wa usawa. Sisi tulitumia miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, na uzi wenye jiwe ukining'inia kutoka kileleni. Uzi ukipita katikati ya ule mti wa kulala, miguu miwili iko kwenye usawa mmoja. Unapiga kigingi, unageuza, unapiga kingine, mpaka mwisho wa shamba. Tangu ukingo wangu wa pili ushike, ule udongo uliokuwa unashuka kila mvua kwenda kwenye shamba la chini unakaa juu ya ukingo. Nimeupima kwa mkono: umefika kwenye mpini wa jembe. Hilo peke yake lingetosha kunifanya nipande.

Mwaka wa kwanza kata mara moja tu, baada ya miezi 6 hadi 8, mizizi iwe imeshika.

Mambo mawili ya kuangalia

Mbegu za titonia ni nyepesi, zinasafiri kwa upepo, maji na viatu vya watu. Ikiachwa kwenye shamba lililolala inafunika kila kitu na kuwa kichaka ambacho jirani atakulaumu nacho. Ukikata kabla ya ua, hakuna mbegu. Ukikuta miche imeota ndani ya tuta, ing'oe ikiwa na majani manne, ingali laini.

La pili nalisema kwa uzito. Wapo wanaochemsha majani haya na kunywa kwa malaria au tumbo, kwa sababu ni machungu na uchungu kwetu unaaminiwa. Mmea huu una kemikali zenye nguvu, na majaribio kwa panya yameonyesha kwamba dawa yake ya majani inaweza kudhuru ini na figo. Mtoto mwenye homa mpeleke apimwe kwenye kituo cha afya. Mbuzi wanayala majani haya, nami nawapa wangu wawili kidogo, yakiwa yamechanganywa na majani mengine. Mkojo na mavi yao vinarudi kwenye rundo.

Mwaka wangu wa kukata unakwenda hivi. Mwezi wa tano, kabla vichwa havijafunguka, nakata kingo zote nne kwa nguvu. Majani hayo yote yanakwenda kwenye rundo, kwa sababu kiangazi kinakuja na tuta kavu halina faida nayo. Kingo zinachipua polepole miezi ya kiangazi, hazipati nafasi ya kutoa maua, na mwishoni mwa mwezi wa nane zina majani machanga ya kufukia tayari kwa sezoni A, msimu wa kupanda wa mvua za mwezi wa tisa. Rundo la mwezi wa tano nalo linakuwa limeiva wakati huohuo. Mwezi wa kumi na moja nakata ukingo mmoja kwa ajili ya pipa la maji. Mwezi wa pili nafukia tena kwa sezoni B, msimu wa pili wa kupanda. Kama unasoma haya na titonia ya jirani yako bado ina vichwa vilivyofumba, una kama wiki mbili. Noa panga, na nenda ukaombe.